Popo, Chozi na Arobaini Isiyokwisha

Mnamcheka popo kwa sababu nyinyi mmemkuta tayari yuko kichwa chini. Mngemwona wakati ninaousema mimi, msingecheka. Wakati huo Popo alikaa kitako juu ya tawi kama kuku, akaamka na jua na kulala na jua, na alikuwa na sauti nzuri hata wakwezi wa minazi wakichelewa kushuka kwa kumsikiliza. Nyumba yake ilikuwa tundu la vijiti, kama la ndege yeyote. Na Chozi, huyu kindege mwenye mdomo uliopinda mnayemwona akinyonya maua ya mgomba, naye alijenga tundu lake kwenye panda ya mti, likakaa wima kama kikombe. Nyumba ya kuning'inia mnayoiona leo hakuwa nayo.

Wawili hawa walikuwa majirani katika mti mmoja wa mkungu, ng'ambo ya bonde la mpunga. Popo alikaa tawi la chini, nene, kwa sababu ya uzito wake. Chozi alikaa juu kidogo, kwenye kitawi ambacho Popo angekivunja kwa kukitazama tu. Mmoja ukimshika anajaza mikono miwili, na mabawa yake ukiyakunjua yanafunika mlango. Mwengine anaenea ndani ya ngumi ya mtoto. Lakini walipendana, na mapenzi hayapimwi kwa kilo.

Kujuana kwao kulianzia kwenye ujima. Kabla ya masika, wanawake wa mti ule walikuwa wakijengeana nyumba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Popo alibeba vijiti vizito, maana nguvu alikuwa nazo, ila kufunga hakujua. Kila alichokifunga kilifunguka kabla hajageuka. Chozi hakuweza kubeba hata kijiti kimoja, lakini alijua kuvuta utando wa buibui, akausokota na kufungia vijiti vikashikana. Basi siku za ujima utawakuta pamoja, mmoja anabeba na mwenzake anafunga, na maneno hayawaishi. Popo akiimba, Chozi anaitikia kwa kisauti chake chembamba.

Mkungu ule ulikuwa na ada zake, na ada kubwa ilikuwa ya mzazi. Mwanamke akishajifungua hatoki ndani siku arobaini. Jua lisimpige, jicho la mpita njia lisimwone mtoto, na mkono wa mama usishike kazi. Mzazi mwenyewe alimchagua mwanamke mmoja wa kumlisha siku zote hizo, akaitwa mlishi wake. Kuchaguliwa ilikuwa heshima kubwa. Na mlishi akishachaguliwa, hakuna mwengine anayepeleka chakula, kwa sababu kupeleka sahani juu ya sahani ya mlishi ni sawa na kumtangaza kwamba kashindwa. Mtu anaweza kupita mlangoni, akasalimu, akamwombea mzazi heri na kwenda zake. Ada nzuri, ila aliyeitunga hakuwahi kuwaza kuwa popo angemchagua chozi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Popo alikaa miaka bila mtoto. Aliona matundu ya wenzake yakijaa na kumwagika makinda, akabeba vijiti vya matundu hayo, akaimba kwenye shughuli zao, na usiku akajilalia peke yake. Kisha Mungu akampa. Akazaa mtoto mmoja, wa kiume, mwenye macho makubwa na masikio kama majani machanga. Walipomuuliza nani awe mlishi wake, hakufikiri. "Chozi," alisema. "Nani mwengine?"

Ninga, yule njiwa wa kijani kibichi, mtu mzima mwenye kifua cha kubebea, alitazamia ataitwa yeye, akatia kichwa begani na kunong'ona, "Chozi atamlisha nini yule? Harufu?" Lakini alisema kwa sauti ndogo, na ada ni ada. Chozi mwenyewe alilia kwa furaha. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumdhania kuwa anaweza kubeba jambo zito.

Na alilibeba, msije mkasema hakulibeba. Alfajiri, umande haujakauka, alikuwa keshafika kwenye migomba. Alitia mdomo ndani ya ua, akapata tone moja la maji matamu, akaruka bonde zima, akalitia kwenye ganda la kungu karibu na tundu la Popo. Akarudi. Tone jengine. Akarudi. Mara sitini kwa asubuhi moja, na ganda halijafika nusu. Mchana alimwongezea buibui, aliyemkata miguu na kumlainisha vizuri, kwa sababu kwao chozi mzazi hula buibui apate nguvu. Popo alifumba macho na kumeza. Kisha Chozi, anahema hata kifua kinaonekana kupiga, alitua ukingoni mwa tundu na kuuliza kama mlishi anavyotakiwa kuuliza.

"Umeshiba, shoga?"

"Nimeshiba, mwenzangu. Mungu akuzidishie."

Popo angejibu nini? Mtu kakuhangaikia tangu alfajiri, kasimama mbele yako anatetemeka mabawa, halafu umwambie hujala? Siku ya kwanza alisema ameshiba kwa adabu. Siku ya pili akasema kwa sababu alisema siku ya kwanza. Kufika siku ya kumi lile neno lilikuwa limeshakuwa ukuta, kila kukicha anaongeza tofali.

Chozi hakuwa mjinga. Alipima kwa tumbo lake, kama tunavyopima sote. Nusu ya ganda la kungu ingemtosha yeye na ukoo wake siku tatu. Alimwona mzazi wake kimya na mpole, akajua hiyo ndiyo shibe. Akipita kwa Ninga alimwambia kwa fahari, "Mwenzangu hana tabu hata kidogo. Akila anashukuru." Na Ninga, aliyeona mara mbili jinsi mabega ya Popo yalivyochongoka, aliuzuia ulimi wake. Si mahali pake. Angeleta hata embe moja, ingekuwa matusi.

Siku ya ishirini maziwa ya Popo yalikuwa mepesi. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Siku ya ishirini na nne alilia kidogo. Siku ya ishirini na sita hakulia kabisa, na aliyewahi kulea anajua kuwa hicho ndicho kimya kibaya kuliko vyote. Popo alimtia titi mdomoni, mtoto akalishika kwa midomo tu, hakuvuta. Macho yake makubwa yalimtazama mama yake bila kumdai chochote.

Jioni ile Chozi alikuja kama kawaida. Popo aliazimia kumwambia. Alifungua kinywa kabisa. Akamwona mwenzake manyoya yamekatika ncha, bawa moja analiburura, na bado anatabasamu kwa yale matone yake. Neno likarudi lilikotoka.

"Umeshiba, shoga?"

"Nimeshiba."

Alingoja mpaka magharibi ikaingia na ndege wote wakatia vichwa chini ya mabawa. Mchana asingeweza, mti mzima ungemwona, na ungesema Chozi kamwacha mzazi na njaa. Giza lingewasitiri wote wawili. Akamfunika mtoto kwa majani mapana, akamwambia asitoke, kana kwamba mtoto wa siku ishirini na sita anatoka, akaruka kwa kufuata harufu kuelekea mapera ya bondeni.

Wacha niseme alivyokula. Alikula pera la kwanza na maganda yake na mbegu zake. La pili hakumbuki. Alikula yaliyoiva na yasiyoiva, yaliyotobolewa na wadudu, akala huku analia, kwa sababu kila tonge lilimkumbusha siku alizosema ameshiba. Akahisi kifua kinajaa, maziwa yanarudi, mazito. Akasema, nivute pumzi moja tu, nirudi. Mwili uliokaa na njaa siku ishirini na sita, ukishiba, hauombi ruhusa. Usingizi ukamchukua pale pale juu ya mpera.

Upepo ulikuja saa hiyo. Ulikuwa upepo wa kutangulia masika, unaotoka baharini na mvua yake ubavuni, na uliushika mkungu ukautikisa kuanzia mizizi. Chozi alizinduka. Akasikia chini yake kijiti kimoja kinakatika, halafu viwili, halafu tundu zima la Popo likamiminika chini kama kuni zilizokatika kamba. Akasubiri kumsikia Popo. Hakusikia Popo. Akasikia kilio kidogo sana, kidogo kuliko chake mwenyewe.

Ndege wa mchana haoni gizani. Chozi alishuka kwa kupapasa, tawi kwa tawi, mvua inampiga kila tone kama jiwe, maana kwa mwili ule tone ni jiwe. Alimkuta mtoto kwa mdomo, akigusa. Tundu lilipoporomoka, mtoto alilishika tawi kwa vidole vya miguu, basi, hivyo tu. Kichwa chini, mabawa yamelowa, ananing'inia. Na vile vidole vilikuwa vinafunguka.

"Popo!" aliita. "Popo, mwanao!" Hakuna jibu. Alijaribu kumnyanyua mtoto. Ni sawa na wewe ujaribu kunyanyua ng'ombe.

Sasa kule juu Chozi alikuwa na nyumba yake mpya. Aliijenga siku tisa, kidogo kidogo, baina ya safari za migomba, na ndani yake alitegemea kutaga wiki ile, kwani naye alikuwa na mzigo wake tumboni ambao hakumwambia mtu. Ilikuwa imefungwa kwa utando bora kabisa aliowahi kusokota. Chozi alipanda, akashika uzi wa kwanza kwa mdomo, akauvuta. Nyumba ikalegea upande mmoja. Akashuka nao, akauzungusha kwenye mguu wa mtoto na tawi, mara saba. Akapanda tena. Alifanya hivyo, uzi baada ya uzi, mpaka juu pale hapakubaki kitu ila nyasi chache ambazo upepo ulizimaliza wenyewe. Mtoto akawa amefungwa miguu yote miwili, barabara. Tawi lilipokwenda, naye alikwenda, liliporudi, alirudi. Lakini hakuanguka. Chozi akakaa kando ya miguu ile, akaibana kwa kifua chake, na usiku kucha alisema neno moja: "Shika, mwanangu. Shika, mwanangu."

Bondeni, mvua ilimwamsha Popo. Alijua pale pale. Mama akiamka kwa namna ile haulizi nini kimetokea. Aliruka katikati ya upepo akiita kwa sauti yake yote, ile nzuri, ya kusimamisha wakwezi, na aliita mpaka ikachanika. Alipofika kwenye mkungu kilichotoka kooni kilikuwa mkwaruzo. Akapapasa mahali pa tundu lake, akakuta hewa. Akapiga ukelele ambao sitauiga hapa.

"Huku," kilisema kisauti chembamba. "Huku, shoga. Yupo. Yu hai."

Popo aliwakuta. Jambo la kwanza alilotaka ni kumgeuza mwanawe akae wima, akitaka kumpakata. Lakini miguu ilikuwa imefungwa juu, na kuifungua katika upepo ule ni kumwua. Titi limejaa, na mdomo wa mtoto uko chini kule. Basi akafanya la pekee lililobaki. Akalishika tawi kwa miguu yake mwenyewe, karibu na ya mwanawe, akajiachia kichwa chini, kifua kwa kifua. Akamfunika kwa mabawa yote mawili kama anayejitanda kanga. Mtoto akatafuta, akapata, akavuta. Akavuta kwa nguvu mpaka Popo akasikia maumivu, na hayo maumivu aliyapenda.

Asubuhi majirani walitoka wakatazama uharibifu. Waliwakuta watatu kwenye tawi moja: wawili wananing'inia, mmoja amejikunyata, hana hata manyoya makavu. Ninga alitazama pale tundu lilipokuwa, akatazama mabega ya Popo, akauliza swali ambalo kila mtu alilikwepa.

"Bibie, upepo ulipokuja ulikuwa wapi?"

Kuvunja arobaini ilikuwa aibu isiyofutika. Popo angeweza kudanganya. Alikuwa amekwisha kuzoea kudanganya, siku ishirini na sita. Akamtazama Chozi.

"Nilikwenda kula," alisema kwa ile sauti mpya, ya mkwaruzo. "Nilikuwa na njaa."

Chozi alishtuka. "Tangu jana?"

"Tangu siku ya kwanza."

Chozi alimtazama mtoto, akaviona vifupa vya mabawa yake vilivyojitokeza, akayahesabu matone yake yote upya, moja moja, na safari hii aliyahesabu kwa tumbo la mwengine. "Lakini nilikuuliza," alisema. "Kila siku nilikuuliza."

"Uliniuliza unahema," Popo alijibu. "Ningesemaje?"

"Ungesema una njaa! Ningemwita Ninga. Ningeaibika mchana mmoja tu, mwenzangu, mchana mmoja, yakaisha." Kisha akalia, na Popo akalia, na mtoto aliyeshiba akalala katikati ya vilio vyao kama haujapata kutokea msiba duniani.

Ninga naye alishuka kwenye tawi lao. Mwanamke yule alikuwa na ulimi, lakini siku hiyo aliutumia juu ya nafsi yake. Alisema, "Mimi niliona. Mabega niliyaona. Nikasema si sahani yangu." Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa mti, ndiye aliyetoa uamuzi. Arobaini iliyovunjika huanzwa upya. Hilo hakuweza kulibadilisha. Lakini kuanzia siku ile mzazi ataruhusiwa kutoka kujitafutia, ilimradi atoke magharibi imeshaingia, amejitanda, na mtoto yuko kifuani. Na jua likimkuta nje, hesabu inarudi moja.

Popo akakubali kwa furaha. Yule mtoto hakukubali tena kukaa kitako. Mara zote alizowekwa wima alilia, mpaka akageuzwa kichwa chini kama usiku ule aliookolewa, ndipo akatulia. Mama akamfuata mwana.

Nyumba ya Chozi waliijenga pamoja. Chozi hakutaka tena panda ya mti. Alikuwa ameona kwa kifua chake usiku kucha kwamba kilichokaa wima kiliporomoka, na kilichofungwa kikaachwa kicheze na upepo kilisalimika. Basi akaifunga juu, kwenye ncha ya kitawi, akaiacha ining'inie kama alivyoning'inia mtoto. Popo alileta nyasi, na kwa ndani akatandika manyoya aliyoyang'oa kifuani mwake. Mayai mawili yalitagwa humo siku ya tatu, yote mawili yakaanguliwa.

Na tangu siku hiyo Chozi huning'iniza nyumba yake, na Popo hujining'iniza mwenyewe. Popo hatoki ila jua limezama, na mwanawe hamwachi nyuma, humchukua kifuani hata akiwa mzito. Ukimwona mchana amejifunika mabawa, huyo ni mzazi amejitanda, mpishe na macho yako. Sauti yake haikurudi. Arobaini yake nayo haijaisha, kwa sababu kila akikaribia kuimaliza hukuta tunda tamu mno alfajiri, jua likamkuta juu ya mti, akaanza tena moja. Chozi naye, hata ua liwe dogo vipi, hulifikia kwa maneno ya haraka haraka, hayamwishi, na sisi tuliokuzwa na habari hii tunasikia anauliza: umekula, umekula, umekula kweli?

Mimi nimewapikia wazazi wa kisiwa hiki miaka thelathini na tisa. Nimeona wasichana wazuri, wenye mapenzi, wakiingia na kibakuli na kuuliza "umeshiba, dada?" wakijibiwa ndiyo, wakaondoka wameridhika. Nyinyi msifanye hivyo. Ukienda kwa mzazi usimuulize. Mpakulie, kaa chini, mtazame anavyokula, na sahani ikimalizika upesi mpakulie tena. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyelala pale na mtoto ubavuni, kaja anayekupenda na chakula chake hakikutoshi, mwambie. Ataona haya kidogo, kisha atarudi jikoni.